Kiti cha Watu Wawili

Pikipiki isiyo na kiti ilisimama katikati ya ua, na kila aliyefika kwenye kikao aliitazama hiyo kwanza kabla ya kumtazama mwenyewe. Raymundi hakumweleza mtu kitu. Jumatano alikuwa ameiendesha hivyo hivyo kutoka Tabora mjini hadi nyumbani kwake Ipole, amekalia gunia lililokunjwa mara nne juu ya chuma kitupu, na watoto wa barabarani walimcheka mpaka wakachoka. Kama leo wakubwa nao walitaka kucheka, zamu ilikuwa yao.

Hawakucheka. Mama mkwe wake, Bibi Yustina, alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, rozari imemzunguka kiganja. Anton, kaka wa marehemu mke wake, alikuwa kwenye kiti cha mbao, tena amekivuta mbele kidogo ili ijulikane nani anaongoza. Theodora, binti pekee wa Raymundi, miaka ishirini na miwili, alikuwa kizingitini akimenya viazi polepole kuliko viazi vinavyohitaji. Raymundi mwenyewe alikaa pembeni kabisa, juu ya mzinga mtupu wa nyuki uliolazwa, uso ameuelekeza barabarani. Ndivyo mkwe anavyokaa mbele ya mama mkwe. Unasikia kila neno, ila humtazami anayelisema.

Anton alifungua kikao kwa kusema kwamba familia imevumilia miaka mitatu. Tangu Marcelina azikwe, shemeji yao ameonekana akipita na pikipiki peke yake sehemu ambazo hana ndugu, hana msiba, hana asali ya kuuza. Urambo ameonekana. Kaliua ameonekana, amelala gesti, asubuhi akageuza. Mwaka jana akafika mpaka Ujiji, akaliangalia ziwa, akarudi.

"Hata dagaa hakuleta," Anton alisema.

Walisema ni uchungu, utapoa. Sasa wamesikia uchungu umepata mwanamke.

Raymundi angewaeleza nini? Kwamba asubuhi moja alikwenda Sikonge kununua chumvi, na alipofika dukani mkono ukakataa kukata kona? Alinyoosha tu. Alipita Tabora, akaishika ile njia ya zamani ya misafara inayokwenda magharibi, njia ambayo babu za babu zake waliitembea kwa miguu na pembe za ndovu mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuna mtu aliyempa pole. Darajani Malagarasi alizima injini akasikiliza maji. Yalikuwa yanapita bila kumwomba mtu kibali. Alikaa pale mpaka jua likamchoma shingo, na alipowasha tena pikipiki aligundua kwamba alikuwa ameshinda saa nzima bila kumchukia mtu yeyote.

Maana kuchukia ndiyo ilikuwa imebaki kazi yake. Siku Marcelina alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kubeba viti na maturubai, kuna mkubwa fulani alikuwa anakuja kupokelewa. Waliosimamia gari walimwambia asubiri. Raymundi hakusubiri. Alimfunga mke wake mgongoni kwa khanga mbili, akamwambia shika kiuno, akaondoka. Mahali palipochimbwa ili kuwekwa kalavati, pakaachwa wazi misimu miwili ya mvua, alilazimika kushuka kwenye mtaro na kupanda. Humo mtaroni ndimo mikono ya Marcelina ilimoachia. Wiki hiyo hiyo wakubwa wakaja msibani na miwani myeusi, wakasema wameguswa. Wakala wali, wakaondoka na gari.

Baada ya arobaini alikikata kiti cha pikipiki kwa msumeno. Akabakiza sehemu ya mtu mmoja, na nyuma akafunga keria ya chuma ya kubebea ndoo za asali. Miaka mitatu hakuna binadamu aliyekaa nyuma yake.

Bibi Yustina alikohoa. Anton akanyamaza mara moja.

"Mkwe," alisema bibi kizee, "nasikia keria umeing'oa. Nasikia umepeleka kiti kwa fundi kirefushwe. Ni kweli au watu wananichezea masikio?"

"Ni kweli, mama."

"Mwanangu alikata roho juu ya pikipiki ile. Unataka kumkalisha nani pale?"

Jibu walikuwa nalo wote. Bibi Yustina hakupandisha sauti. Alisema makaburini, kando ya Marcelina, kuna nafasi ambayo familia ilimwachia mkwe wao, na kwamba yeye mwenyewe amemwona akiipalilia kila mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuwaombea marehemu. Basi ajue. Akitoka ua huu na yule mwanamke nyuma yake, nafasi hiyo itafungwa. Atazikwa huko huko anakokwenda kuangalia maziwa.

Hilo lilimwingia. Raymundi hakuogopa kufa, lakini kwa miaka mitatu alikuwa amejua mahali atakapolala, na kujua huko ndiko kulikomfanya aamke.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Kidawa, Mzaramo wa Isevya mjini Tabora. Babu yake aliletwa na reli, hakurudi kwao. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo kuelekea pwani, na msibani mtani ana kazi yake. Atavaa nguo za marehemu, ataigiza mwendo wake, atalizuia jeneza mpaka apewe kitu, ili wenye kilio wacheke kidogo wasife na wao. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Afanye lolote, ila asikasirike.

Raymundi alikasirika. Kidawa alikuwa ametokea na gauni la Marcelina la shambani, ameweka mkono kiunoni vile vile, anamgombeza Raymundi kwa kuingiza nta ndani na viatu. Aliipatia sauti ya marehemu kiasi kwamba waombolezaji walikuwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Raymundi alimsukuma kwa mikono miwili akaanguka chini, akamwambia atoke. Watu wakaziba midomo. Wazee waliohudhuria wakatamka palepale kwamba mfiwa amekosea na ana faini. Kidawa akajipangusa vumbi, akasema faini yake ataitaja siku akiihitaji.

Mwaka ukapita. Siku moja kile kiti kifupi cha Raymundi kilipasuka, akaelekezwa Isevya kwa fundi wa kushona viti vya pikipiki. Fundi akageuka na sindano mdomoni. Ni yeye.

"Ulitumia mikono miwili," alimwambia bila salamu. "Mmoja ungetosha. Mimi mwepesi."

Hapo ndipo Raymundi alipocheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alijishtukia mwenyewe. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka kiti kikawa hakina tena sehemu ya kushona. Kidawa aliachika zamani, hakuwa na mtoto, na hakuwa na muda wa kumwonea mtu huruma. Alimuuliza habari za safari. Huko njiani peke yako unaongea na nani? Na injini. Inajibu? Inajibu kuliko wakubwa. Kidawa akacheka mpaka akajichoma kidole, na Raymundi akautazama ule mkono uliochomwa kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mteja. Baadaye Kidawa alimwambia, kwa sauti ndogo ambayo Raymundi hakuwahi kuisikia kwake, kwamba ameshonea viti nusu ya pikipiki za mji huu, watu wamevikalia wakaenda Mpanda na Kigoma, na yeye hajavuka Ipole.

Wakapanga siku nne. Urambo, Kaliua, Uvinza, Ujiji, na kurudi. Raymundi akamwachia kiti akirefushe, na kwa kuwa gundi ilihitaji kukauka, wakakubaliana atamtumia kama kifurushi kwa gari la abiria la Jumamosi.

Jumamosi ndiyo hii. Na gari likasimama barabarani, vumbi likatulia, lakini hakikushushwa kifurushi. Alishuka Kidawa. Kiti alikuwa nacho kichwani, kirefu, chekundu cha damu ya mzee, kimepigwa nyuzi nyeupe pembeni, na asiyejua kwamba kile ni kiti cha watu wawili basi hakuwahi kuona pikipiki.

Aliingia uani, akapiga goti bila kukishusha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi Yustina alimkagua toka juu mpaka chini, na utani wa miaka yote ukamtoka kabla hajauzuia. "Mzaramo na mzigo kichwani? Leo kutanyesha."

"Nimesikia wapagazi wenyewe siku hizi wanashinda kwenye vikao, nikaona nijibebee."

Anton alikohoa kuficha kicheko. Kidawa hakumtazama Raymundi hata kidogo, na kwa namna alivyojitahidi kutomtazama, Raymundi alijua kuna kitu amekibeba zaidi ya kile kiti.

Alikisimamisha kiti chini, akakishikilia kama fimbo. Akasema kwamba kwenye msiba wa marehemu Marcelina mkwe wa nyumba hii alimsukuma mtani, na wazee waliokuwepo wakatamka faini. Amekuja kuitaja.

"Namtaka mtu huyu na pikipiki hii siku nne. Anipeleke Ujiji, anirudishe. Nikirudi hatudaiani."

Ua wote ulishusha pumzi. Mtani akishataja faini, nani atamkatalia? Kumkatalia ni aibu mpaka kwa wajukuu. Anton alikuna kidevu akasema, basi, faini ni faini. Bibi Yustina alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na Raymundi akaelewa kwamba bibi kizee naye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Ikiwa ni utani, hakuna atakayesema mkwe kachukua mwanamke. Kiti kirefu kitakuwa cha utani. Siku nne zitakuwa za utani. Nafasi kando ya Marcelina itabaki wazi, na kila mtu atarudi kumenya viazi.

"Sema na wewe, mkwe," Bibi Yustina alimwambia. "Tusikie kwa mdomo wako. Ni utani?"

Sasa Kidawa alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na yanamwambia kitu kimoja tu: sema ndiyo. Alikuwa amempa njia, amesafiri saa mbili na kile kiti ili ampe njia, na ilikuwa njia nzuri. Neno moja tu. Raymundi alilisikia limefika kwenye ulimi.

Halafu aliona kitakachofuata. Watarudi siku ya nne, na yeye ataingia Isevya kama mteja. Atatafuta kiti kingine cha kupasuka. Watatafuta faini nyingine. Atakuwa anamtamkia huyu mwanamke jambo moja chumbani na jingine uani, na watu wa namna hiyo aliwajua vizuri, miaka mitatu alikuwa analala na kuamka akiwachukia. Walimwambia asubiri huku wanapakia viti.

Akafanya jambo ambalo mkwe halifanyi. Aligeuka juu ya mzinga, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Hapana, mama. Si utani."

"Raymundi," Kidawa alisema taratibu. Alisahau hata kumwita mtani.

Raymundi alisimama. Faini ataitoa, alisema, mbuzi au chochote kitakachotajwa, na ataitoa mbele yao wote kwa sababu siku ile alikosea na anajua. "Lakini Ujiji siendi kwa sababu ya faini. Naenda kwa sababu nampenda huyu, na nikirudi naenda kwa kaka zake kuposa. Kama ni kufunga, fungeni."

Anton naye aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimuuliza kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alimkumbusha kwamba mwanamke huyu ana dini yake na wao wana yao, kwamba ndiye aliyelivaa gauni la marehemu mbele ya jeneza, na kwamba makaburi yale ni ya ukoo, hayana mgeni.

"Pale kando ya dada yangu hutalala. Mimi nimesema."

"Dada yako nilimbeba mgongoni, Anton. Pumzi yake ya mwisho iliniishia hapa." Raymundi aligusa nyuma ya shingo yake. "Hakuna kaburi litakalonisogeza karibu naye kuliko nilivyokuwa siku ile. Hilo huwezi kunifungia."

Bibi Yustina alimgeukia Kidawa. Alimwambia yeye bado ana nafasi, alikuja na utani, anaweza kuondoka nao, na hakuna mtu hapa Ipole atakayemsema vibaya.

Vidole vya Kidawa vilikuwa vinapita kwenye nyuzi nyeupe za kiti kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Bibi, nilidanganya," alisema. "Nilimwogopea huyu, nikauvalisha uongo nguo za utani. Siku ya msiba nilipovaa gauni la mwanao nilikuwa naigiza. Leo siigizi. Nisamehe kwa yale mengine, kwa hili sikuombi."

Bibi Yustina alikusanya miguu yake. Aliinuka mwenyewe, akaukataa mkono wa Anton, akaingia ndani, na Anton akamfuata. Hapakutoka laana wala baraka. Ilisikika rozari tu ikigonga ubao wa kitanda.

Raymundi alibaki ameshika kiuno, hajui aanzie wapi. Kishindo kidogo kikamgeuza. Theodora alikuwa ameweka sufuria ya viazi chini, amekwenda kwenye sanduku la vifaa, na sasa alisimama mbele yake na spana namba kumi na mbili. Alimpa bila kumtazama. Akashika upande mmoja wa kiti, Kidawa akashika wa pili, na Raymundi akachuchumaa kufunga nati. Zilikuwa nne. Ya tatu ikamponyoka mara mbili.

"Ulijuaje kuna kikao?" alimuuliza Kidawa kutoka chini.

"Muulize huyu. Namba yangu anayo tangu Pasaka."

Raymundi akainua kichwa. Theodora alikuwa anakiangalia kiti.

"Nilimpigia aje na lile la faini, baba. Mimi ndiye niliyelikumbuka. Ulitakiwa ukubali."

"Najua, mama."

"Sasa bibi hatanisemesha mwezi mzima." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ukifika Uvinza piga simu. Usitume ujumbe. Piga, nikusikie."

Wanawake wa pale hupanda pikipiki upande, magoti pamoja, kama mtu aliyekaa benchi la kanisa akingoja kuondoka. Kidawa alipandisha gauni, chini yake alikuwa na suruali ya jinzi, akarusha mguu akakaa kiume. Chuma kikashuka kidogo nyuma. Kwa uzito ule mwili wa Raymundi wote uliganda, na kwa muda mfupi alidhani hataweza hata kubana klachi. Kidawa hakumgusa. Alishika chuma cha nyuma kwa mikono yake yote miwili, akangoja, hakumwambia twende.

Raymundi akawasha.

Walitoka uani, wakapita mabani ya kukaushia tumbaku, wakapita kisimani ambako ndoo zilisahaulika chini ya bomba na maji yakamwagika. Kilomita kadhaa zikapita. Halafu kidevu cha Kidawa kikaja karibu na sikio lake, na haikuwa sauti ya mapenzi.

"Kwa nini? Nilikupa njia. Ungekwenda na ungerudi, na mahali pako pangekuwepo. Nani alikutuma uwe shujaa?"

"Ule utani ungeisha siku ya nne."

"Halafu?"

"Mimi sitaki kuisha siku ya nne."

Upepo ulichukua muda mrefu kuyapeleka maneno hayo nyuma, au yeye ndiye aliyechukua muda mrefu kuyapokea. Mbele yao palikuwa na senta ya maduka, mnada umechangamka, na Raymundi aliwajua nusu ya waliosimama barabarani. Warina asali wenzake walikuwepo, wa ukoo wa mke wake pia. Aliwaona wakigeuka mmoja mmoja, aliona mikono ikinyooshwa, na bila kufikiri akakaza mkono wa mafuta ili wapite upesi.

Kidawa aliachia chuma cha nyuma. Mikono yake ilimzunguka kiunoni, ikakutana mbele, ikashikana.

"Punguza mwendo," alisema. "Hatumkimbii mtu."

Raymundi akapunguza, akapita katikati ya watu wote wale kwa gia ya pili, taa amewasha mchana, akiwasalimia kwa majina.